Bwawa la Vyura Halikuwa Ploti

Dada yangu Naserian alikufa ndani ya nyumba yake hapa Kitengela, asubuhi ya mvua. Maji yalisukuma mlango ukakataa kufunguka. Mimi nilitokea dirishani nikashika mabati. Yeye mkono wake uliniponyoka.

Mahali pale napajua. Tukiwa wadogo hapakuwa na nyumba hata moja, kulikuwa na bwawa. Mvua ikinyesha vyura walitoka ardhini, wakubwa kama sufuria ya chai, wakilia kama ndama. Watoto wa siku hizi wakiona chura wanampiga picha huku wakikimbia. Sisi tulimchokoza na kijiti, na alikuwa anang'ata mpaka damu.

Mwalimu wa darasa la tatu, ambapo masomo yangu yaliishia, alitoka Pwani. Akatuambia chura wetu ni kama taa, samaki wa kwao aliye bapa kama chapati. Wote wanajifukia, huyu kwa matope, yule kwa mchanga. Ukimkanyaga taa anakuchoma na mwiba wa mkia, kwa hivyo watu wa huko huburura miguu majini ndio ahame. Basi na sisi tukaingia bwawani tukiburura miguu, mstari mzima. Kumbe chura hahami. Lemayian, mtoto wa jirani, aling'atwa kidole akalia kuliko wote, Naserian akamwambia hata chura analia kiume kumshinda.

Koko, nyanya yetu, alitupatia maziwa akitucheka. Akasema, "Huyo wa bahari, maji yakienda anayafuata. Chura anabaki kungoja yake. Pale amelala, msijenge."

Kiangazi kikafuata kiangazi, bwawa likakauka. Lemayian, sasa broka wa ploti, akalifukia na udongo wa lori, akamuuzia Naserian. Dada alipomuuliza juu ya vyura, akajibu hayo ni mambo ya kina koko. Mimi nilikuwa Bisil na ng'ombe. Kurudi, nyumba imesimama.

Zamani tuliijua ardhi kwa nyayo. Siku hizi wanaijua kwa bikoni, yale mawe ya mpaka ya wapima ploti, na mtoto anakua hajawahi kuosha matope magotini.

Lemayian, usinitumie mbuzi wa pole. Ulimsikia koko na masikio yako. Kuja mbele ya wazee, uangalie watoto wa Naserian machoni, uwaambie ulijua.