Maficho ya Evaristi

Evaristi Hategekimana aliingia wodi ya kifua kikuu mwaka 1988, akitokea Mabira juu ya magunia ya kahawa. Dereva wa lori alimshusha langoni mwa hospitali ya misheni, akamshika mkono hadi mapokezi, akaondoka zake. Mimi nilikuwa kitanda cha jirani. Mimi ni mnunuzi wa maharage wa Omurushaka, na wakati huo mapafu yangu yalikuwa yamenisimamisha kazi.

Alikuwa kijana mrefu, mkimya, kibarua wa kupalilia migomba ya watu. Wazazi wake walihama kutoka Rwanda kabla hajazaliwa. Nesi alipomwuliza ndugu wa kumjulisha ni nani, alijibu kwamba hana.

Kesho yake aliniambia ukweli.

"Kaka Yustus, mama yangu yupo. Anaitwa Mukabera. Baba alikufa kwa ugonjwa huu huu, mikononi mwake. Sikutaka aone tena. Nilimuaga nikisema nakwenda kukata miwa."

"Na kikohozi ulikifichaje?"

"Kikinishika nilikuwa naenda nyuma ya migomba."

Wodini mle kila mtu alikuwa na jambo aliloliacha nyumbani halijasemwa.

Maisha yetu yalikuwa sindano asubuhi, vidonge, uji, na jua la barazani. Jumapili mchana tu ndipo tulipopata kitu cha kungojea. Nesi Placidia, binti wa Bukoba, alikuwa na mchezo alioachiwa na Mholanzi mmoja mchimba visima: kitabu kilichochakaa na dadu za pande nyingi, moja ina pande ishirini. Mchezo hauna ubao. Placidia alisimulia habari za nchi ya mazimwi na ngome, na kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake ndani ya hadithi. Unasema mtu wako anafanya nini, kisha dadu inaamua kama amefaulu. Mimi nilikuwa mganga. Costansia wa Nyakasimbi, mama mwenye kicheko cha kusikika hadi jikoni, alikuwa mpiga upinde. Evaristi alipoulizwa anataka kuwa nani, alisema, "Mtu asiyeonekana."

"Hayupo asiyeonekana," Placidia akamwambia. "Yupo anayejua kujificha. Chukua huyo."

Tulikuwa tumekwama kwenye lango la ngome. Mlinzi mmoja, mkuki mkononi, na ndani kuna mfungwa wa kuokolewa. Evaristi akasema haraka, "Najificha."

"Wapi?"

"Hapo hapo nilipo."

"Mlinzi anakutazama usoni, Evaristi. Huwezi kujificha mbele ya macho ya mtu. Tafuta kwanza kitu cha kukusitiri: ukuta, giza, ukungu."

"Basi naingia nyuma ya mapipa."

"Amekuona ukiingia. Anajua uko nyuma ya mapipa."

Costansia akacheka hadi akakohoa. Evaristi hakucheka. Alitaka kuzijua sheria zote, naye Placidia akamweleza kwa subira. Kujificha si macho tu, na masikio yamo. Aliyevaa vazi la chuma atasikika hata gizani. Dadu ya anayejificha inashindanishwa na usikivu wa anayelinda. Ukimpiga mtu kutoka mafichoni, pigo la kwanza ni lako, ila baada ya hapo umejulikana ulipo. Na dadu yenyewe Placidia aliirusha nyuma ya sinia la dawa, tusiione.

"Kwa nini unatuficha?" Evaristi aliuliza.

"Kwa sababu anayejificha huwa hajui kama ameonekana. Anajua tu kwamba bado hajaitwa."

Jumapili kadhaa zikapita, na lango halikupitika. Mara majani makavu ya migomba yalilia chini ya mguu wa Evaristi, mara mshale wa Costansia ukakosa. Lakini kijana alikuwa anarudi kuwa mtu. Mashavu yalijaa. Alianza kunitania kuhusu bei zangu za maharage.

Kisha Jumapili moja, tukiwa tumekaa barazani, mwanamke mwembamba mwenye kitenge cha njano alipanda ngazi akiwa na kikapu kichwani. Evaristi alimwona kabla yetu. Alivuta blanketi akajifunika hadi utosini.

"Shikamoo, mama," Placidia akasalimu.

"Marahaba, mwanangu." Yule mama alitua kikapu, akaketi pembeni ya lile blanketi, asiliguse. "Evaristi. Chakula kinapoa."

Blanketi halikutikisika. Sauti ikatoka ndani: "Nani amekuambia?"

"Aniambie nani? Nilikuwa nakusikia nyuma ya migomba kila asubuhi. Yule dereva alikukuta barabarani kwa bahati, wewe unadhani? Nilimwendea nyumbani kwake. Nilimwomba apite pale utakapokuwa, akufikishe hapa, asiseme neno."

"Na mbona hukuja?"

"Ulitaka nisijue. Nikasema nikuachie hilo, maana ndilo ulilokuwa nalo la kunipa. Nikangoja uniite." Akafunua kikapu. "Nimechoka kungoja, mwanangu."

Evaristi alijifunua. Alikuwa analia kama mtoto, bila aibu, na mama yake akampangusa uso kwa ncha ya kitenge. Costansia akageukia bustani. Mimi nilijifanya naokota dadu.

Baadaye, ndizi na maharage ya kikapuni yakiwa yamekwisha, Mukabera aliuliza tulikuwa tunafanya nini. Placidia akamweleza habari za lango.

"Na huyo mlinzi," mama akauliza, "amekula?"

Tukatazamana. Placidia alifunua kitabu, akakifunga. "Haijaandikwa, mama. Unataka kufanya nini?"

"Namsalimia. Nampa chakula. Mtu amesimama juani tangu mlipoanza."

Placidia alirusha dadu, safari hii mbele yetu sote. Kumi na tisa. "Mlinzi anaweka mkuki chini. Anakula, amewapa mgongo. Evaristi?"

"Nanyata kando ya ukuta," Evaristi akasema kwa sauti ya chini.

"Mama, kutoka hapo ulipokaa unamwona kijana anayepita. Unamwambia mlinzi?"

Mukabera alimtazama nesi kwa mshangao wa kweli. "Mwanangu?"

Mfungwa akaokolewa siku hiyo.

Evaristi alipona. Alirudi Mabira kwa lori, yeye na mama yake kiti cha mbele. Miaka ilivyokwenda, akawa ndiye mtu wa kuendewa kule mtu akianza kukohoa. Alimpakia mgonjwa kwenye baiskeli na kumsukuma hadi panapopatikana gari, huku Mukabera akibaki kukaa na waliobaki nyumbani kwa mgonjwa.

Nilikutana naye mara ya mwisho mwaka 1993, kwenye mlima mrefu kabla ya Omurushaka. Alikuwa anasukuma baiskeli, mzee amekaa nyuma amejifunga shuka. Alisimama tukasalimiana. Akaniambia mkewe amejifungua mtoto wa kike, mzito, mwenye sauti. Mzee akasema anasikia baridi, basi Evaristi akavua koti lake, akamvika, akamfunga vifungo kimoja kimoja, wakaendelea kupanda.