Shati la Arvilla

Shemeji yangu Arvilla Dombeck alikuwa mpishi wa shule, mjane wa miaka hamsini na minane, na mbishi kuliko watu wote niliowahi kula nao meza moja. Nasema hivyo kwa mapenzi. Marehemu kaka yangu Casimir alimwoa, kisha akaniachia mimi kazi ya kubishana naye, maana yeye mwenyewe alikuwa mpole.

Ubishi wetu mkubwa ulihusu bunduki yake. Ilikuwa ya risasi moja: unaikunja katikati, unatia risasi kwa kidole, unaifunga, basi. Aliinunua katika duka la misumari na rangi, kwa bei ambayo mimi nilinunulia darubini tu ya yangu.

"Hiyo ni bunduki au fimbo ya kufukuzia kuku?" nilimuuliza siku alipokuja nayo kwenye kambi yetu ya uwindaji ya kila mwaka.

"Mchagua jembe si mkulima, shemeji. Wewe na hiyo yako ya risasi tano, mwaka juzi ulipiga nne ukaangusha nini? Majani."

Wenzetu walicheka hadi wakamwaga kahawa. Lakini alikuwa na hoja. Mwenye risasi tano, alisema, hupiga kwanza akafikiri baadaye. Mwenye moja hufikiri kwanza.

Kisha ukaja msimu ule mbaya. Arvilla alimpiga dume la kulungu jioni, mnyama akaanguka, akainuka, akapotelea kwenye misonobari ya bondeni. Tulifuata matone ya damu kwenye theluji mpaka giza, na siku mbili zilizofuata tukarudi. Hatukumpata. Siku ya tatu Arvilla alikaa juu ya gogo akavua kofia.

"Yuko mahali anakufa polepole," alisema, "na ni mimi niliyemfanya hivyo."

Nilimwambia hayo humpata kila mwindaji. Nilipomaliza tu, nilijua nimesema upuuzi.

Majira ya kuchipua alinijia na kifuniko cha chupa ya achari mkononi. "Ile bunduki isipoweka risasi tatu ndani ya hiki, kwa hatua mia, naacha kuwinda. Na kambini sirudi tena." Nilishtuka kuliko nilivyoonyesha. Tangu Casimir afe, juma lile moja la kambi ndilo pekee ambalo Arvilla hakuwa mjane wa mtu wala mama wa sahani za watoto wa shule. Alikuwa mwenzetu.

Basi Jumapili zote za kiangazi tulikwenda kwenye shimo la zamani la kokoto. Mara ya kwanza matundu matatu ya risasi kwenye karatasi ya shabaha yalitawanyika hata sahani isingeyafunika. Mimi ningeitupa bunduki mtoni. Yeye aliifungua mezani kama anayechambua maharage.

Akagundua kwamba ubao wa mbele, ule ulio chini ya mtutu, umeshikwa na skrubu moja tu, na ubao huo unausukuma mtutu. Ukikaza skrubu, risasi zinakwenda kushoto, ukilegeza, kulia. Akatia kati ya ubao na mtutu kijipira cha bomba la maji kutoka jikoni kwake, ubao ukaacha kuusukuma. Akasugua kwa mswaki kuondoa masizi kwenye kifungio cha mtutu, ili bunduki ijifunge vilevile kila mara. Akaacha kuuegemeza mtutu juu ya mfuko wa mchanga, akaegemeza pale bunduki inapokunjika. Triga ilikuwa nzito kama kung'oa jino, fundi akailainisha. Akajaribu risasi za aina nne hadi akapata moja iliyokubali. Na kati ya mlio na mlio alisubiri mtutu upoe, akifuma soksi. Jozi mbili za soksi zile ninazo mimi.

Septemba, matundu matatu yaliingia chini ya kifuniko, mawili yakigusana. Hakushangilia. Aliibandua karatasi. "Kumbe ilikuwa inaweza miaka yote," alisema.

Jumatatu baada ya sikukuu ya Shukrani ya Novemba, siku ya kwanza ya msimu wa kulungu, ambayo kwetu hata shule hufungwa, nilikuwa ng'ambo ya kilima niliposikia mlio wake mmoja. Nilimkuta amepiga magoti, hana glavu, anapapasa theluji akitafuta damu.

"Dume mkubwa," alisema. "Hatua tisini, ubavu wote wazi."

"Alikwendaje?"

"Alikimbia, mkia juu."

"Basi umemkosa, shemeji. Aliyejeruhiwa hushusha mkia. Twende tukanywe kahawa."

"Nenda wewe. Mimi nataka kujua."

Sikwenda. Tulifuata nyayo zile kwa saa nne, tukavuka kijito, tukapanda mteremko wa pili. Hakuna tone la damu, hakuna unyoya. Tukarudi pale aliposimama yule dume, na nyuma yake Arvilla akalikuta kovu la risasi kwenye shina la mti. Lilikuwa juu mno. Risasi ilipita shubiri nzima juu ya mgongo wa mnyama. Aliligusa kwa kidole, akalia. "Ni mzima," alisema. "Hana hata mkwaruzo."

Kambini kwetu, aliyemkosa kulungu hukatwa pindo la nyuma la shati. Kipande huandikwa jina na mwaka, kikapigiliwa ukutani karibu na jiko. Ni aibu, na watu wazima hudanganya kuikwepa. Mimi mwenyewe niliwahi kusema nilikuwa najaribu bunduki tu.

Arvilla aliingia, hata viatu hajavua, akalichomoa shati lake kwenye suruali. "Mkasi uko wapi?"

"Bunduki ya duka la misumari hiyo!" mmoja akapiga kelele, na wengine wakadakia.

"Bunduki haina kosa. Nilitetemeka mimi."

Mzee Stosh, mpishi wetu, akaacha kukoroga kabichi na tambi. "Sasa mbona una furaha hivyo, dada?"

"Mwaka jana nilirudi na shati zima, kwa kuwa nilimpiga," Arvilla alisema. "Mkanipa pole, mkanipakulia supu. Hakuna aliyenikata."

Kisha akanigeuzia mgongo. "Kata, shemeji. Kata kubwa."

Nikakata kipande kikubwa, na kwa mara ya kwanza ndani ya kibanda kile, hakuna aliyecheka.