Ua Usioua

Shangazi yangu ametunza farasi wa shule moja ya kupanda farasi kwa miaka ishirini na nane, na wote pale humwita Mama Hatamu. Magoti yake yamekwisha. Jumamosi nilikwenda kumsaidia kufungasha, maana mwezi huo ndio ulikuwa wake wa mwisho kazini, na chumba chake kwangu nilikuwa nimeshakipaka rangi. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele yake vyungu arobaini vya maua ya pinki.

Bosi alikuwa ameng'oa uzio wa seng'enge baada ya waya wake kumchana farasi mmoja mguu, kisha akamtuma dereva akalete ua. Dereva akaleta maua.

"Kaniambia nikalete ua," alijitetea. "Haya siyo maua?"

"Ua wa kuzuia farasi, siyo ua la kunusa," Shangazi alisema. "Na hili ni sumu. Farasi akila majani ya kiganja kimoja tu, umemzika. Hata yakiwa makavu."

Bosi akaja, mtu wa haraka zake, akayaona maua, akayapenda.

"Yanapendeza. Pandeni."

"Sipandi. Yana sumu, yatawaua farasi."

Hakupandisha sauti. Mimi ninayemjua nilijua hana hata nguvu ya kuipandisha.

"Basi mnyaa. Unakua upesi."

"Utomvu wake unapofusha. Na huyu jike mwenye mimba anajikuna kwenye kila kitu."

"Sasa unataka nini, Mama Hatamu? Mimi siyo mtaalamu wa majani."

"Miforosadi. Nyuma ya stoo upo mmoja mkubwa, tutakata vipandikizi. Hauna sumu, hauna miiba."

Nikashusha pumzi, nikidhani yamekwisha. Kumbe mmea usiodhuru farasi una shida yake: farasi wanaupenda. Usipolindwa unaliwa ukiwa bado na majani matatu. Lazima mtu azunguke na kamba mkononi, asubuhi mpaka jioni, awafukuze hadi miche ishikane na kuwazidi kimo. Miaka miwili hiyo, mvua zikikubali.

Bosi aliipiga hesabu hiyo kabla yangu.

"Nani atalinda? Hawa wengine hapa kazi yao simu. Ukibaki wewe, panda miforosadi yako. Ukiondoka, Jumatatu yanapandwa haya."

Nilikasirika. Nilimwambia Shangazi twende zetu, farasi si wake, miaka yote hiyo hajawahi kumiliki hata ukwato. Nikamwambia nimechoka kumkanda magoti kila nikija kumtembelea, na sitaki kuja kumkanda tena kwenye kile kibanda anacholala pale shuleni, chenye harufu ya nyasi mbichi. Jike mwenye mimba alikuwa ameshanyoosha shingo kuelekea vyungu. Shangazi akajiinua kwa mikono miwili, akachechemea hadi pale, akamsukuma kichwa polepole.

"Rudi, mama. Rudi nyuma."

Kisha akasimama hapo hapo, kati ya mnyama na maua, mkono mmoja kiunoni. Bosi alikuwa ameshaondoka zake.

"Shangazi," nikamwambia, "miguu hiyo itafika miaka miwili?"

"Haitafika," alisema. "Kanitafutie panga la kukatia vipandikizi."