Swali la Jumatatu

Pikipiki mbili zilikuwa zimeipita njia ya kwenda bandarini na kukata kona kwenye vumbi jekundu, ndipo Nusura alipomgusa dereva wake begani amwambie apunguze mwendo. Miaka tisa alikuwa amefundisha Luzira, mwendo wa nusu saa tu kwa miguu kutoka hapo, lakini kwenye nyumba za askari magereza hakuwahi kukanyaga. Pikipiki ya nyuma ilimbeba mgeni, mtu wa kuzunguka nchi za watu na kuandika, aliyeomba kuona jinsi shule za Kampala zinavyozitumia takwimu za wanafunzi. Nusura angependa aje siku nyingine. Siku hiyo, Ijumaa, alikuwa na jambo la kuwahi kabla ya saa kumi na moja.

Alikuwa mtu wa Nateete, wa ukoo wa Waislamu ambao mababu zao walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani wasirudi tena. Ndugu zake waliuza vitambaa. Yeye alichagua chaki. Kisha mwaka uliopita msichana mmoja alizirai mstarini asubuhi, ikaja kujulikana kwamba alikuwa na siku mbili hajatia kitu mdomoni, na walimu wote waliokuwa wakimwona kila siku hawakujua. Nusura hakulala vizuri wiki nzima. Ofisi ya elimu ilipotafuta mwalimu wa kusaidia kutunga dodoso la hali ya watoto, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Ndipo yakapatikana maswali matatu, ambayo kila mtoto huyajibu kwenye tableti ya darasa kila Jumatatu. Ulilala vizuri? Jana jioni ulikula nyumbani? Kuna jambo linakusumbua? Majibu huingia kwenye jedwali pamoja na mahudhurio na alama za mitihani, na jina la mtoto anayeelekea pabaya hugeuka jekundu. Mwalimu akiliona, humwita mtoto, huzungumza naye, humtafutia msaada. Kwa njia hiyo Nusura alikuwa ameshawapata watoto watatu kabla mambo hayajaharibika.

Wa nne alikuwa Adoch, miaka kumi na mmoja, wa darasa la tano. Jumatatu sita mfululizo alijibu kwamba hakula nyumbani. Alama zake za hesabu zilikuwa zimeporomoka kutoka sabini na moja hadi thelathini na nane. Nusura alimuuliza faraghani, na mtoto akasema anakula, akaangalia viatu vyake. Lakini msichana yule aliyezirai naye alisema anakula. Sasa, ikifika saa kumi na moja jioni ya Ijumaa hiyo bila mwalimu kuandika kwamba amefika nyumbani kwa mtoto, faili la Adoch lingekwenda kwa maafisa wa ustawi wa jamii. Faili la mtoto mwenye njaa, baba yake askari anayeishi nyumba ya serikali. Nusura aliwaza vile ambavyo lingesomwa na wakubwa wa baba, na vile ambavyo mama angetazamwa na majirani. Aliwaza pia kwamba huenda lilikuwa kweli.

Mama yake Adoch, Acayo, aliwapokea mlangoni huku unga wa ulezi umemganda viganjani. Nusura alisalimu, akauliza hali, akazunguka zunguka, mwishowe akasema kwamba Adoch amejibu mara sita kuwa hakula nyumbani. Acayo akaingia ndani, akatoka na sufuria tupu, safi, akamwonyesha kama mtu anayeonyesha ushahidi.

"Ni kweli, mwalimu. Mutoto hajakula hapa. Hapa hakuna mutu anakula."

Kabla Nusura hajauliza lolote, Acayo akamshika kiwiko, akamvuta nyuma ya nyumba, mgeni akawafuata.

Palikuwa na kibaraza kirefu cha mama mmoja mnene aitwaye Aloyo, mkubwa wa wanawake wa kaskazini katika safu ile ya nyumba sita. Masufuria yalikuwa yanafika moja baada ya jingine, kila mke na chungu chake: ugali wa ulezi, maharage, malakwang, ile mboga chachu iliyoungwa kwa siagi ya karanga. Kila mmoja hupika kwake, na jioni vyote huletwa kwa Aloyo, watoto wa safu nzima wakala pamoja. Ndivyo walivyokula kwao Gulu, na ndivyo walivyoendelea kula hapa. Acayo na mumewe walihamia katika safu hiyo mwanzoni mwa muhula, na Adoch peke yake ndiye aliyesoma shule ya Nusura. Aliulizwa kama alikula nyumbani. Alijibu ukweli.

"Huyu? Anakula kama askari wawili," alisema Aloyo, na wanawake wakacheka hadi Nusura naye akaketi chini akacheka, akifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Zilibaki hesabu. Adoch alikuwa pembeni akichambua ufuta, ungo ameuinua karibu uguse pua. Nusura aliacha kucheka. Alimwomba amsomee nambari iliyochorwa kwenye mlango wa nyumba ya pili. Mtoto alikunja uso, akasema mlango una rangi ya bluu.

"Tangu lini huoni ubaoni?"

"Tangu uliponiweka nyuma, mwalimu."

Ni kweli. Alikuwa amerefuka, na Nusura huwaweka warefu nyuma. Aliona aibu, lakini aibu nyepesi. Kiti huhamishwa kwa dakika moja, na Acayo alikuwa ameshaanza kupanga siku ya kumpeleka mtoto hospitali ya Mulago akapimwe macho.

Nusura alitoa tableti, akaandika kwamba amefika. Kisha akamuuliza Aloyo yeye angemuuliza mtoto vipi.

"Uliza kama alishiba," alisema Aloyo. "Alikula wapi, hiyo si kazi yako."

Akaliandika swali hilo hivyo hivyo, alipeleke ofisini. Lakini pale kibarazani mtandao ulikuwa haushiki, alichoandika hakikutumwa, na saa kumi ilikuwa imepita. Alisimama kuaga. Aloyo alimzuia kwa mwiko: wageni wawili kuondoka kibarazani kwake na njaa, hilo halikuwahi kutokea.

"Mama, ofisi itafungwa. Hilo faili litaondoka."

Aloyo akafikiri. Akamnyooshea mwiko yule mgeni.

"Basi wewe nenda. Huyu anabaki, anakula yako na yake."

Nusura alimtazama mgeni, akamwombea kwa Mungu kwa sauti, wanawake wakaangua kicheko upya. Akapanda pikipiki, akakumbatia tableti kifuani, akamwambia dereva akimbize. Mgeni alikuwa ameshamiminiwa maji ya kunawa, na Adoch alikuwa anamsogezea bakuli la kwanza.