Springi Mpya za Baba

Juzi nilikwenda soko la Garissa kununua kisu cha jikoni. Muuzaji, aliyenidhania mgeni, akanisifia kimoja kwa Kiswahili: "Chukua hii, mama. Hii ni springi ya lori, walaahi haibindi kamwe," yaani haipindi, kwa lafudhi yetu ya Kisomali. Nilikirudisha mezani upesi kana kwamba kimeniunguza.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu. Nilikulia Sangailu, na baba alikuwa na lori kuukuu la kupeleka mifugo Garissa. Springi zake, zile bamba za chuma zinazobeba bodi juu ya magurudumu, zilikuwa zimechoka hata lori likainama nyuma kama punda mzee. Lakini lilikuwa laini. Nyanya, mama yake baba, alipenda kuketi juu ya magunia na kikombe cha chai ya iliki, na kwa ulafi wake wa chai hakumwaga hata tone.

Kisha baba akaona wenzake wanapakia mara mbili yake. Akaliinua lori juu ya mawe, na kwa siku tatu fundi akagonga nyundo akiongeza bamba nne nene kila upande. Mimi nilikuwa nawapelekea anjera na maziwa ya ngamia, na grisi ikinukia hadi kwenye chakula. Lori liliposhushwa lilisimama wima kama askari, sisi watoto tukapiga vigelegele. Fundi alimwonya baba kwamba springi hizo ni za mzigo, zikikosa mzigo zitamrusha. Baba akacheka. Lori lake lingekosaje mzigo?

Mwezi haukuisha, nyanya akaanguka kando ya kisima akavunjika nyonga. Baba akatandika magodoro mawili ndani ya lori tupu ili ampeleke hospitali Garissa, akanipandisha nimshike kichwa. Ndipo jirani yetu akaja mbio, akiswaga mbuzi mbele yake.

"Walaal, ndugu yangu, pakia hawa kumi na wawili," alisema. "Lori likipata uzito litatulia. Mama asiumie."

Sasa, jirani huyu alikuwa amembembeleza baba siku nyingi ampelekee mbuzi sokoni bure. Kijiji kizima kilijua, na kilimcheka.

"Mama yangu si kisingizio cha mbuzi wako," baba akamjibu, akatia gia.

Usiniambie haraka haina baraka. Niliambiwa msibani mpaka nikachoka. Kila shimo lilitutupa juu pamoja na magodoro, kisha likatubwaga. Nyanya alisema bismillahi kila tuliporuka, hadi sauti ikabaki midomoni tu. "Mwambie baba yako aweke kitu humu," alininong'oneza. "Hata mchanga." Niligonga paa la dereva kwa kiatu hadi mkono ukafa ganzi. Baba alidhani ninamhimiza. Akaongeza mwendo.

Nyanya alifariki kabla hatujafika Garissa. Daktari alisema mifupa ya wazee ni hivyo, huenda angefariki hata kitandani kwake. Huenda. Nimelichukia neno hilo maisha yangu yote, na kwa miaka mingi nilimchukia baba pia, ingawa niliendelea kumpelekea chai.

Tulipomzika, jirani alileta mbuzi mmoja kati ya wale kumi na wawili, akamchinja kwa ajili ya waombolezaji. Nami nilikula, kwa sababu nilikuwa mtoto na nilikuwa na njaa.

Leo baba hayupo, jirani hayupo. Lori liliuzwa kama vyuma chakavu, na labda limegeuzwa visu vya kutuuzia sisi wenyewe. Vijana wa kwetu hawajui hata pale lilipokuwa likiegeshwa.

Huenda jirani alitaka kweli safari ya bure. Hata kama. Mbuzi kumi na wawili wangefika sokoni bila nauli, na nyanya yangu angefika hospitali akiwa hai.