Bunduki ya Mzee na Macho Yangu

Hapana, hajafa. Mzee wangu yuko hai, anakula, anakohoa, juzi amekata kucha. Analala tu ile nyumba ingine, ile ya Sela, na mimi nikipita anageuza kiti. Hapa Kimilili wanasema ati nimemroga. Mimi? Mimi ambaye hata kuku wangu hawanisikii? Keti nikuambie vile ilikuwa, na usiniambie ni ndoto. Ndoto haiachi mtu magoti yamelowa umande.

Mbweha alianza kutukulia watoto wa kondoo. Si usiku, ni asubuhi, ule wakati unaona mkono yako lakini huoni kucha. Kondoo ilikuwa ya Sela. Sela alikuwa bibi mdogo wa mzee, mimi ndio mkubwa. Aliugua tumbo, tukamzika hapo nyuma ya ghala, sasa ni miaka mbili. Kondoo zikabaki. Mzee alikuwa anazipapasa maskio moja moja, na siku kondoo moja imepotea, hali chakula.

Nisikufiche. Miaka yote Sela akiwa hai, mzee alikuwa anakuja kwangu kuchukua koti. Sela alipokufa, akarudi. Akala kwangu, akalala kwangu. Nilikuwa na mzee wangu tena, mzima, sigawani na mtu. Shika hiyo.

Halafu kuna siri. Mzee haoni. Macho imefunikwa na kitu kama maziwa iliyokaa. Lakini ana kitabu ya bunduki, na serikali ikijua huoni, kitabu inaenda na bunduki inaenda. Kwa hivyo tulikuwa na njia yetu. Yeye anashika bunduki, mimi nasimama nyuma, mkono kwa bega. Nikifinya huku, anageuka huku. Nikisukuma, anapiga. Tulifukuza tumbili hivyo, tukafukuza mbwa za watu, majirani wanasema, "Huyu mzee ana shabaha, bana." Shabaha ilikuwa imevaa leso imesimama nyuma yake.

Kuna kijana wa mambo ya wanyama alikuja na buti zake. "Shosho, mnyama wa serikali hauawi, anatishwa tu." Nikamwambia amtishe yeye basi. Akaandika kitu, akaenda.

Sasa bunduki yetu ya zamani ilikuwa imekufa springi. Tukaenda Kitale kuchagua ingine, kwa mtu mmoja wa kofia mwenye duka, nyuma ya msikiti. Huyo Kiswahili yake imepigwa pasi. "Karibuni, wazee wangu. Mwataka kumpiga nani?" Mzee akasema mbweha. "Ala! Huyo ana akili kuliko mwanangu."

Akaleta mbili. Ya kwanza ina mdomo moja, ndefu. Mzee akaibeba akasema hii ni mlango, si bunduki. Ya pili ina midomo mbili, fupi. Mzee akafunga macho, kwani tofauti ni gani, akaiinua kwa bega mara tatu, na mara tatu shavu ikaanguka mahali pale pale. Akasema hii. Mtu asiyeona anataka mbao imwambie mahali iko. Mwenye duka akasifu, "Umechagua kijeshi. Mdomo wa kulia umefunguka, ni wa karibu. Wa kushoto umebana, ni wa mbali."

Ikabaki risasi. Mimi nikataka zile ndogo, zile chembe kama wimbi, kwa sababu ni mingi, si moja itampata? Yule wa kofia akanicheka. "Bibi yangu, hizo ni za kwale. Mbweha utamkuna mgongo, aende akafie kwa jirani." Nikasema basi leta zile kubwa kama maharagwe. "Hizo ni za nguruwe. Ziko tisa tu, mbweha mwembamba atapita katikati yake, nawe utaua kondoo." Akatupatia za katikati, kama mtama. Akampa mzee sanduku asome kama ndizo. Mzee akaishika tu. Nikainyakua, nikasema amesahau miwani. Mwenye duka akanitazama. "Soma wewe, basi." Mimi, mlango ya shule naijua kwa nje. Nikakodolea hiyo sanduku macho, nikasoma kwa sauti: "Risasi." Akatufungia.

Asubuhi ya tatu tukapiga magoti nyuma ya mahali ng'ombe hunywa maji. Ukungu imeteremka kutoka mlima. Nikaona maskio kwa fensi, mbili, zimesimama. Nikaweka mkono kwa bega. Mzee akainua bunduki, nikamfinya kulia kidogo, akakaa sawa.

Mbweha akaingia kati ya kondoo. Hazikukimbia. Mbona hazikukimbia? Halafu akasimama. Si kama mbwa anaomba mfupa. Alisimama kama mtu ametoka kuinama kwa palizi, mkono kiunoni kwanza, mgongo baadaye. Ilikuwa Sela. Amini usiamini. Leso ile tulimzika nayo, fundo upande wa kushoto. Amebeba mtoto wa kondoo kama mtoto wa mtu.

Unauliza kama niliogopa. Sikuogopa. Unajua daktari akikudunga sindano ya kung'oa jino, unaguza shavu na si yako? Nilikuwa hivyo mwili mzima.

Akanisalimia mimi kwanza. Bibi mdogo haulizi mzee kabla hajasalimia mkubwa, na Sela hakuwahi kuvunja hiyo hata siku tulikuwa tumekosana. Sauti ile ile ya pua. "Dada, umeamka?" Akangoja. Sikuitika. Akauliza, "Na mzee, ameamka?"

Bega ya mzee ikawa ngumu chini ya mkono yangu. Akauliza polepole, "Nani amesema?"

Nikamwambia, "Hakuna mtu. Ni mbweha, ameshika kondoo kwa shingo. Piga."

Nikasukuma. Hakupiga. Nikasukuma tena kwa nguvu, mpaka akayumba.

Akafungua bunduki katikati, akatoa risasi mbili, akaweka kwa mfuko. Huko mbele Sela alikuwa ananiangalia mimi. Hakukasirika, hakucheka. Akaweka kondoo chini, halafu akajiweka mwenyewe chini, mikono kwanza, akapita chini ya fensi, tayari ana mkia. Yule mtoto akakimbilia mama yake. Nilimkagua baadaye, hakuna alama ya jino.

Tangu siku hiyo hatujapoteza kondoo. Bunduki mzee alipeleka polisi mwenyewe, akawaambia hana macho. Chakula analetewa na bibi ya mtoto wetu. Na huu mkono wa kulia, ule ulisukuma, hausikii kitu. Natoa sufuria kwa moto bila kitambaa, ngozi inaungua, mimi naangalia tu. Wanasema nilie, pengine hiyo ganzi itatoka. Naketi nilie, machozi haiji.

Wewe kama ni wewe macho ya mtu, mwambie kile unaona. Hata kama kinakunyang'anya nyumba. Usimchagulie.

Na hapo kwa umande nilikuwa namngoja aniulize nimeona nini. Ningemwambia, nakuapia. Hakuuliza. Nilimpa mkono kumwinua, akauacha hewani, akashika fensi, akainuka peke yake. Hakupandisha sauti. Akasema, "Mimi nimeharibika macho. Maskio ni mzima."