Igizo la Daraja Ambalo Mama Hakuliona

Mpaka leo, nikisikia mwiko ukigongwa kwenye ukingo wa sufuria, ko, ko, mara mbili, huwa naacha ninachofanya na kugeuka. Nina cherehani yangu Ibighi, naishi peke yangu, na jirani yangu hupika ugali kila jioni. Yeye anakung'uta mwiko tu, hana habari. Mimi nabaki na kitambaa mkononi, nimerudi Lufingo, nina miaka tisa, mvua inanyesha na moshi wa kuni mbichi unanichoma macho.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mchekeshaji. Sisemi mcheshi, wacheshi tunao wengi. Nasema mchekeshaji, mtu aliyetunga maigizo kwa penseli kwenye madaftari ya shule na kuyaonyesha kwenye ukumbi wa kanisa kila baada ya mavuno. Watu walipanda milima na vigoda vyao kichwani ili waje kucheka. Mwanamke mmoja wa bondeni alicheka hadi mbeleko ikafunguka, na mwaka uliofuata mumewe akamwambia aje bila mtoto.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuyaona maigizo hayo, naye ndiye aliyekuwa akimpikia Babu. Huyo ni Mama yangu. Baba alifia machimboni Chunya nikiwa mchanga, tukabaki watatu katika ua mmoja: Babu nyumba ya mbele, mimi na Mama nyumba ya jikoni. Mnaotoka kwetu mnajua, wengine niwaeleze. Kwa wazee wetu, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hasemi naye, na akimsikia anakohoa njiani huingia migombani mpaka apite. Ni heshima, na Mama alikuwa nayo kupita kiasi.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyebeba maneno. "Mwambie babu yako mbalaga imeiva," anasema Mama, nami navuka ua na sahani ya ndizi na maharage. "Mwambie mama yako ndaga," anashukuru Babu, "ila chumvi naona ilikwenda sokoni Tukuyu, haijarudi." Navuka tena, nampelekea Mama jibu hilo, naye anainamia jiko nisimwone uso.

Nilikuwa mpweke, niseme wazi. Mtoto anayebeba maneno ya wakubwa hapati wa kumwambia ya kwake. Nilitaka kitu kimoja tu: Mama akae ukumbini na wenzake, anione nikiigiza, acheke.

Mwaka ule Babu alitunga igizo la daraja. Baba mkwe na mkamwana wake wanakutana katikati ya gogo moja lililolazwa juu ya mto, kila mmoja na mzigo kichwani. Hawawezi kupishana, na kutazamana ni mwiko. Basi wanageuziana migongo mpaka jua linakaribia kuzama, kila mmoja akijifanya mwenzake hayupo. Mpita njia nilikuwa mimi. Nauliza, "Kuna nani hapo darajani?" Baba mkwe anajibu, "Hakuna mtu. Niko peke yangu." Na mkamwana anasema, "Hata mimi, niko peke yangu."

Nikamdanganya Mama. Nilimwambia kwamba Babu amekwenda Isongole kutafuta mbegu za viazi, igizo litaongozwa na wengine. Mama alinitazama kwa muda, akavaa kitenge chake kizuri, akaja. Alikaa benchi la mbele, nami nyuma ya pazia nikajiona nimeweza. Kisha Babu akatokea na mzigo wa majani ya migomba kichwani, hatua tatu tu kutoka pale alipokaa Mama.

Mama alijifunika kitenge usoni, akainuka, akajigonga kwenye benchi, akapapasa ukuta mpaka akaupata mlango. Ukumbi mzima ulicheka. Walidhani ni sehemu ya igizo, na wengine walipiga makofi. Babu hakucheka. Aligeukia ukuta na mzigo wake, akasubiri mpaka hatua za Mama zisisikike tena, halafu akautua na kwenda nyumbani. Igizo halikuisha.

Mama hakunichapa. Alisema tu, "Mwanangu, umenivua nguo mbele ya watu," na siku nyingi hakuongea nami zaidi ya yale ya kupeleka kwa Babu. Babu naye hakuonyesha tena igizo lolote ukumbini. Niliamini nimewaharibia wote wawili, na imani hiyo nilikua nayo.

Badala ya ukumbi, Babu alianza tabia iliyonitia aibu. Kila jioni Mama anapopika, alitoka na kigoda, akakaa ameupa mgongo ukuta wa jiko, akayasoma maigizo yake yote kwa sauti, akibadili sauti kwa kila mhusika. Watazamaji tulikuwa mimi na kuku. Watoto wa jirani walisema mzee amechanganyikiwa, nami sikubisha. Kila alipofika penye kichekesho alinyamaza kidogo. Ndani nilimsikia Mama akikung'uta mwiko, ko, ko. Babu akaendelea.

Alifariki nikiwa shule ya bweni. Mwezi uliopita vijana wa usharika waliamua kumkumbuka kwa kuigiza lile la daraja, lakini mchwa walikuwa wamekula nusu ya daftari. Nilikuwa nimekwenda Lufingo kumsalimia Mama, na kijana mmoja alifika pale nyumbani na bodaboda, akaniuliza kama yupo anayeujua mwisho wake. Nilimwambia hayupo, maana lilionyeshwa mara moja na halikumalizika, nami mwenyewe nilikuwa nimeusahau. Mama alikuwa akimenya ndizi za wageni. Alisema bila kuinua macho, "Andika."

Akalisema lote kuanzia mwanzo, kwa sauti ya Babu, na kikohozi chake humo humo. Alipofika kwenye "Hata mimi, niko peke yangu," alinyamaza.

"Halafu, bibi?" kijana akamhimiza, akidhani amesahau.

Mama alikuwa ametulia pale pale Babu alipokuwa akitulia, anasubiri. Ndipo nilipokumbuka kwamba jioni nyingi za siku zile tulikuwa tukipika ndizi, si ugali. Mwiko wa Mama haukuwa na cha kukung'utwa; ulikuwa ukimjibu Babu.

Nilichukua mwiko, nikagonga ukingo wa sufuria mara mbili.

Mama akaendelea.